Shamba lililochoka kuwa hifadhi ya wote: liachwe lijiotee, lipandwe, au liingizwe wanyama?

Kila mkoa una mashamba ya namna hii: mkonge uliotelekezwa ukakaukia kwenye mistari, ranchi iliyofilisika, uwanda wa pamba usiorudisha hata gharama ya kulima. Wenye ardhi hizo, uwe ukoo, kijiji, chama cha ushirika, dayosisi au halmashauri, wanaanza kuuliza kama shamba linaweza kurudi kuwa pori. Hawana maana ya pori la kuzungushia ukuta. Wanataka mahali ambapo watu wataingia, watatembea, wataona ndege na kuleta watoto wa shule. Linawezekana, na limeshafanyika katika nchi nyingi. Ila wengi wakishakubaliana kikaoni hukimbilia kuanzisha kitalu cha miche kabla ya kuamua njia, na njia ndiyo inayoamua fedha, muda, na kama majirani watakuwa walinzi wa hifadhi au maadui zake.

Njia kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kuiacha ardhi ijiotee yenyewe huku ukiilinda. Ya pili ni kupanda. Ya tatu ni kuingiza wanyama, wa kufugwa au wa porini, na kuwaachia kazi ya kuitengeneza ardhi. Ninazilinganisha kwa kutazama mahali ambapo zimejaribiwa kwa miaka ya kutosha kutoa majibu: Guanacaste nchini Costa Rica, Nachusa katika jimbo la Illinois nchini Marekani, Knepp kusini mwa Uingereza, na kwetu Shinyanga, Saadani na Laikipia. Niseme mapema ninaposimama: kwa ardhi zetu nyingi kuacha na kulinda ndiyo iwe njia ya kwanza kufikiriwa, na kupanda kubaki kwa ajili ya mahali ambapo kuacha kumeshindikana.

Ardhi imebakiwa na nini?

Kabla ya kuchagua chochote, litembelewe shamba lote wiki chache baada ya mvua za kwanza, na aende mtu anayeifahamu miti ya hapo kwa majina. Anatafuta vitu vitatu: visiki vinavyochipua, miche iliyoota bila kupandwa, na umbali wa kufika kwenye msitu au kichaka cha asili kilicho karibu.

Jinsi shamba lilivyokuwa likilimwa lina uzito kuliko ukubwa wake. Miti mingi ya miombo ina tabia ya kuchipua tena kutoka kwenye shina na mizizi. Shamba lililolimwa kwa jembe la mkono, ambako mkulima alikuwa akizunguka visiki badala ya kuving'oa, linaweza kuwa na msitu mzima uliofichwa chini ya udongo. Dodoma wanaita kazi ya kuvitunza visiki vya aina hiyo Kisiki Hai: unachagua machipukizi yenye afya, unapogoa mengine, unaweka alama ili mchungaji na mlimaji wayaache. Lakini shamba lililopigwa trekta kila mwaka kwa miongo kadhaa limeng'olewa mizizi hiyo, na hapo matumaini yote ni kwa mbegu zitakazotoka nje. Watu wawili wanaweza kumiliki ekari sawa, zenye mvua sawa, na bado wakahitaji njia tofauti kwa sababu hiyo tu.

Kuacha na kulinda

Mfano uliofika mbali zaidi ni wa Guanacaste, kaskazini-magharibi mwa Costa Rica. Huko ng'ombe walichungwa kwa karne nyingi. Msitu wa ukanda mkavu, ule unaopukutisha majani wakati wa kiangazi, ulifyekwa, na wafugaji wakaleta nyasi ya malisho iitwayo jaragua. Nyasi hiyo ni Hyparrhenia rufa, ya kwetu Afrika, katika kundi la nyasi ndefu tunazoezekea nyumba. Kule ilirefuka kupita kimo cha mtu, ikakauka kila kiangazi, na kila ilipowaka iliteketeza miche ya miti iliyojaribu kuchipua. Hifadhi ya Taifa ya Santa Rosa ilianzishwa 1971, lakini tangazo la serikali halikuurudisha msitu, kwa sababu moto uliendelea kama kawaida.

Katikati ya miaka ya 1980 wanabayolojia Daniel Janzen na Winnie Hallwachs walianza kuishawishi serikali na wafadhili, na ranchi za jirani zikanunuliwa ili kulipanua eneo. Mpango wao ulitanguliza jambo moja mbele ya yote: kuzuia moto. Waliajiri wenyeji, wakiwemo watu waliokuwa wachungaji kwenye ranchi zile zile, wakawa kikosi cha zimamoto. Ng'ombe hawakuondolewa wote kwa mara moja. Waliachwa kwa muda waendelee kula jaragua ili moto ukitokea usikute nyasi nyingi. Mbegu zinazopeperushwa na upepo zilifika kwanza, kisha ndege, popo na wanyama wengine wakaleta zao kwenye kinyesi. Miti ilipotanda na kutoa kivuli, jaragua ikafa, maana haivumilii kivuli, na moto ukakosa cha kula. Leo Eneo la Hifadhi la Guanacaste lina takriban hekta 163,000, bahari ikiwemo, na liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1999.

Ninaloliona kuwa zito kuliko yote katika habari hiyo ni mahali fedha zilipokwenda. Zilikwenda kununua ardhi, kulipa mishahara ya watu wa hapo, na kuweka akiba ya kudumu ili mishahara hiyo isikatike mfadhili akiondoka. Watoto wa shule za jirani nao hupelekwa ndani ya hifadhi kusoma baolojia kama sehemu ya masomo yao. Ukilinganisha na miradi yetu mingi ya miti, ambako bajeti kubwa huishia kwenye miche na sherehe ya kupanda, tofauti ni kubwa.

Shinyanga ilifika kwenye jibu la aina hiyo kwa njia yake yenyewe. Miti ilikuwa imefyekwa kwa wingi ili kuua mbung'o, kisha ikafuata pamba na mifugo mingi, na ardhi ikabaki tupu. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ilianza 1986, na mwanzoni nguvu zilielekezwa kwenye vitalu, mara nyingi vya miti ya kigeni. Baadaye ikaonekana kwamba Wasukuma walikuwa na chombo chao tayari: ngitili, eneo linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi ili mifugo ipate malisho. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Sheria zake zilipitishwa na dagashida, mkutano wa jadi, na wavunjaji walishughulikiwa na sungusungu. Ngitili si hifadhi ya kutembelea kwa tiketi, lakini inaonyesha kitu ambacho mtaalamu wa nje hawezi kukinunua: ulinzi unaotoka kwa watu wanaonufaika na kichaka chenyewe kwa kuni, dawa, asali na majani ya mifugo.

Njia hii ina mipaka, na ni haki kuitaja kabla hujaipenda mno. Inahitaji chanzo cha mbegu. Hata Guanacaste, kwenye ranchi za upande wa mvua nyingi, malisho hayakugeuka msitu kirahisi kama upande mkavu. Huko walitumia mashamba ya miti ya gmelina yaliyoachwa bila kuvunwa: kivuli chake kiliua nyasi, na chini yake miti ya asili ikaota. Tena kuna mahali udongo wenyewe umechoka kiasi kwamba mbegu ikifika haishiki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 malori takriban 1,000 ya maganda ya machungwa, yapata tani 12,000, yalimwagwa kwenye hekta tatu za malisho yaliyokufa ndani ya eneo hilo hilo la Guanacaste. Kampuni shindani ilikwenda mahakamani na zoezi likasimamishwa, lakini maganda yaliyokwishamwagwa yakaachwa. Watafiti waliporudi 2013 walikuta kichaka kizito. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba uzito wa miti juu ya ardhi ulikuwa umezidi wa eneo la pembeni kwa asilimia 176.

Wenye mashamba ya mkonge walifikirie hilo. Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kilichobaki hutupwa, na kwenye korona za zamani, yaani viwanda vya kukamua nyuzi za mkonge, kuna marundo yake. Simaanishi yamwagwe shamba zima. Ijaribiwe sehemu ndogo kwanza, ilinganishwe na iliyo kando yake.

Mpaka mwingine ni wa macho ya watu. Shamba lililoachwa kwa miaka mitano linaonekana halina mwenyewe. Mchoma mkaa ataliona hivyo, mfugaji anayepita ataliona hivyo, na wakati mwingine ofisi ya ardhi pia. Nitarudi kwenye hilo.

Kupanda

Illinois ilikuwa na uwanda wa nyasi ndefu wa takriban ekari milioni 22, na uliosalia haufikii hata moja ya kumi ya asilimia moja. Jembe la chuma la John Deere lililoweza kuupasua udongo ule mzito lilitengenezwa 1837 katika kijiji cha Grand Detour, jirani kabisa na Nachusa. Baada ya zaidi ya karne ya kulimwa, hakukuwa na mzizi wa asili uliobaki kwenye mashamba ya mahindi na soya. Mimea ya zamani ilinusurika kwenye vilima vya mawe ya mchanga tu, ambako plau haikuweza kupita.

Shirika la The Nature Conservancy lilinunua kipande cha kwanza 1986. Tangu hapo wafanyakazi na watu wa kujitolea wamekuwa wakikusanya mbegu kwa mikono kutoka kwenye vilima hivyo, kila aina kwa wakati wake wa kukomaa, wakizikausha, wakizichanganya na kuzisia kwenye mashamba yaliyotoka kuvunwa. Mchanganyiko mmoja unaweza kuwa na zaidi ya aina mia moja za mimea. Hawakusimamisha kilimo chote kwa siku moja: kipande ambacho zamu yake haijafika kiliendelea kulimwa mpaka mbegu za kukitosha zipatikane. Kwa mtu mwenye shamba kubwa na mfuko mdogo, hili ni jambo la kuigwa moja kwa moja, maana kipande kinacholimwa kinaleta kodi na hakigeuki kuwa kitalu cha magugu. Leo hifadhi ile ina takriban ekari 4,000.

Linganisha sasa na Guanacaste. Kule kazi ilikuwa kuondoa kizuizi kimoja, moto, na vilivyobaki vikafanywa na upepo na ndege. Huku kila aina imepitia mkononi mwa mtu. Faida ya kupanda ni kwamba unajua unachopata, na unakipata hata kama msitu wa karibu uko mbali. Hasara yake ni jasho lisiloisha, na hatari ya kupanda kosa.

Kosa hilo tunalijua vizuri Afrika Mashariki. Mathenge, yaani Prosopis juliflora, ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia mmomonyoko na kuwapa watu kuni. Ukavamia malisho, maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, na mwaka 2006 wakazi walifika mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Usambara Mashariki ni funzo la aina nyingine, kwa sababu mti wenyewe si wa ng'ambo. Musizi, yaani Maesopsis eminii, ni wa asili ya upande wa Ziwa Victoria. Ulipandwa Amani wakati wa Wajerumani, na ukataji wa magogo wa miaka ya 1960 na 1970 ulipoufungua msitu, ukaenea kwa kasi, hondohondo wakisaidia kwa kula matunda yake na kuangusha mbegu kila wanakotua. Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, uliotangazwa 1997, umerithi mzigo huo. Kwa hiyo mtu akikwambia mti fulani ni wa Tanzania, bado uliza ni wa Tanzania ipi.

Kuna mahali kupanda hakukwepeki. Kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa, ambayo hayakuwa shamba bali mwamba uliochimbwa kwa ajili ya saruji, René Haller alianza kujaribu miti mwaka 1971, na mvinje ndio uliokubali. Majongoo walipoletwa wakaanza kuyala majani yake yaliyoanguka, udongo ukaanza kujengeka, na leo ni bustani ya umma inayobeba jina lake. Mvinje ulifaa pale kwa sababu hapakuwa na udongo wala mbegu ya kuzuiwa. Kuupanda kwenye shamba lenye visiki hai ni kuuziba msitu unaotaka kutoka.

Kuingiza wanyama

Knepp ni shamba la ekari 3,500 huko Sussex, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi ambao haukuwahi kulipa vizuri. Mwenye shamba, Charles Burrell, aliuza ng'ombe wa maziwa mwaka 2000, akaachana na nafaka, akaondoa fensi za ndani na kuingiza ng'ombe wa pembe ndefu, farasi wadogo, nguruwe na kulungu. Nguruwe hufukua, na kila wanapofukua mbegu hupata mahali pa kuotea. Ng'ombe hula hapa na kuacha pale. Vichaka vya miiba hujitokeza, na ndani ya miiba miche ya mialoni hukua bila kuguswa. Ndege waimbaji waitwao nightingale na hua wa huko (turtle dove) waliokuwa wakipotea nchini kote wameongezeka, na mwaka 2020 korongo weupe waliangua vifaranga hapo, jambo lililokuwa halijaonekana Uingereza kwa karne kadhaa. Majirani wa kwanza walilalamika sana kwamba shamba zuri limegeuzwa magugu. Mapato sasa yanatoka kwenye nyama na wageni.

Kwetu njia hii si ngeni hata kidogo. Ol Pejeta, Laikipia, ilikuwa ranchi ya ng'ombe. Shirika la Fauna & Flora International liliinunua 2004, na ekari zake zipatazo 90,000 zinabeba vifaru na simba pamoja na maelfu ya ng'ombe wa biashara. Ng'ombe hulazwa kwenye maboma ya kuhamishika, na boma likiondoka, samadi yake hubadilisha kiraka kilichokuwa kitupu. Uwanda wa Laikipia wote una ushahidi wa hili: palipokuwa na maboma ya zamani pamebaki viwanja vya nyasi laini ambavyo swala na pundamilia huvipendelea kwa miongo mingi baada ya wafugaji kuhama.

Mkwaja, kwenye pwani kati ya Pangani na Bagamoyo, inafundisha upande wa pili. Ilikuwa ranchi ya kampuni ya mkonge ya Amboni kuanzia miaka ya 1950, ikapambana na mbung'o na vichaka vya migunga vilivyozidi kusonga malisho, na ng'ombe wakaondolewa mwaka 2000. Ardhi ikaunganishwa na Pori la Akiba la Saadani, na eneo lote likatangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Wanyamapori wamerudi, lakini ardhi haikusahau ranchi. Migunga ya Acacia zanzibarica imetanda mahali pengi, na palipokuwa na mazizi uoto bado ni tofauti na wa pembeni. Ukiondoa mnyama mmoja mkubwa aliyekuwa akila kwa maelfu, kitu kingine kitajaza nafasi yake, na si lazima kiwe kile unachokitaka.

Ndiyo maana nasema njia ya tatu ni ya wenye eneo kubwa na wasimamizi wa kila siku. Knepp haina mnyama mla nyama, kwa hiyo mtu ndiye anayepunguza idadi. Mwenye ekari 200 kando ya barabara ya lami asijidanganye na nyati. Anaweza kutumia ng'ombe wa jirani kwa mkataba, waingie miezi fulani na kutoka miezi fulani, kama Guanacaste walivyofanya, na hilo linatosha.

Moto: adui wa mmoja, chombo cha mwingine

Hapa ndipo njia hizi zinapopishana kabisa, na ndipo kamati nyingi zinaponakili kisichowafaa. Guanacaste walizima kila moto. Nachusa huchoma vipande vya uwanda kwa zamu kila mwaka, kwa makusudi, kwa sababu nyasi za uwanda ule zilikua na moto na bila moto miti ingezifunika. Ukitaka msitu, moto ni adui. Ukitaka mbuga ya nyasi, utauhitaji. Ardhi ya miombo iko katikati: moto mdogo wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, huzuia moto mkali wa Septemba na Oktoba unaoua machipukizi.

Kwa vyovyote vile, njia za kuzuia moto zifyekwe kabla ya kiangazi cha kwanza. Ni gharama ndogo kuliko kitalu, na bila hizo kitalu ni bure.

Hifadhi ya wote, lakini mikononi mwa nani?

Neno "wote" linabeba mambo tofauti. Nachusa iko wazi kwa watembeaji, ila tangu nyati wa Marekani walipoletwa mwaka 2014, hairuhusiwi kutembea ndani ya uzio wao. Knepp ni mali binafsi, lakini njia za miguu za umma zinapita ndani na mtu yeyote anazitumia bure. Ol Pejeta unalipia getini. Saadani nayo ni ya taifa na ina kiingilio, na kwa sheria ya hifadhi za taifa hakuna kuishi wala kuchunga ndani. Ukiweka sambamba, utaona wanyama wakubwa huleta wageni wenye fedha na humfukuza mtembeaji wa kawaida. Kama lengo ni mwalimu kuleta darasa la nne kwa miguu, jambo hilo lizingatiwe kabla ya kununua uzio wa umeme.

Kukabidhi ardhi kwa serikali kuwa hifadhi ya taifa kunaleta ulinzi wa silaha na sheria kali, na kwa ardhi kubwa yenye tembo huenda hakuna njia nyingine. Lakini milango hufungwa pande zote mbili. Mgogoro wa mipaka kati ya Saadani na wakazi wa kitongoji cha Uvinje umedumu miaka mingi, na ni mfano wa kile kinachotokea mstari wa ramani unapopita juu ya maisha ya watu. Napendelea, pale ukubwa unaporuhusu, msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 kwa Tanzania, au hifadhi ya jamii inayotambuliwa na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013. Maamuzi hubaki karibu na watu watakaolinda. Kenya ina chombo kingine kizuri kwa familia: sheria ya mazingira ya 1999 inaruhusu kuweka sharti la uhifadhi juu ya ardhi, likabaki hata ardhi ikiuzwa au kurithiwa.

Nilisema nitarudi kwenye ofisi ya ardhi. Tanzania hati ya shamba ina masharti ya uendelezaji, na shamba lisiloendelezwa linaweza kuitwa shamba pori na hati kufutwa. Kuacha ardhi ijiotee kunafanana kabisa na kutelekeza mbele ya mkaguzi. Kwa hiyo ombi la kubadili matumizi ya ardhi liwe la kwanza, kabla ya kung'oa mkonge wa mwisho, na mpango wa usimamizi uandikwe hata kama ni kurasa chache. Njia ya kupanda ina nafuu hapo, kwa sababu mistari ya miche inaonekana kama kazi. Hiyo si sababu ya kupanda pasipohitajika. Bango la hifadhi, njia za moto na mlinzi mwenye daftari la doria nayo ni kazi inayoonekana.

Ningechagua hivi

Shamba la jembe la mkono lenye visiki, karibu na msitu au kichaka cha asili: kuacha na kulinda, bila kusita. Fedha ziende kwa walinzi wa hapo hapo, njia za moto na kuchagua machipukizi.

Shamba la mkonge au mahindi lililolimwa kwa trekta kwa miaka mingi, mbali na msitu: changanya. Viraka vidogo vya miti ya asili ya mahali hapo, yenye matunda yanayopendwa na ndege na popo, kama mikuyu na mizambarau ya porini, vipandwe kwa kuachana nafasi, na katikati paachwe. Ndege watafanya usambazaji. Sehemu nyingine iendelee kukodishwa kwa kilimo hadi zamu yake ifike. Kupanda ekari zote kwa mara moja sikushauri kwa mtu yeyote.

Ranchi ya zamani yenye maelfu ya ekari: usiwaondoe ng'ombe wote kabla ya kujua nani atakula nyasi baada yao. Anza na ng'ombe wachache wenye ratiba na maboma ya kuhamishika, kisha wanyamapori wanaojileta wenyewe. Kununua wanyama na kuwasafirisha kuje mwisho, kama kutakuja.

Ardhi iliyochimbwa au kupoteza udongo wa juu wote: hapo panda, na kabla ya kupanda ulishe udongo.

Kwa zote nne, tenga viwanja vichache vya majaribio tangu mwanzo: kimoja kilichoachwa, kimoja kilichopandwa, kimoja chenye mifugo, na vyote vilindwe moto. Piga picha kila mwaka mwezi ule ule kutoka nguzo ile ile, na hesabu miche iliyofika magotini. Msimu wa tatu wa mvua ukipita na kiwanja kilichoachwa bado hakina machipukizi wala miche, hapo ndipo kitalu kianzishwe, na mbegu zitafutwe kwenye msitu wa asili ulio karibu zaidi.